MAKALA MAALUM: Uzee na ulemavu Tana River, nani huishi na nani huhesabiwa

KATIKA vijiji vya Garsen na kandokando ya Mto Tana, ni nadra swali la umri wa mkongwe kujibiwa kwa tarehe. Hujibiwa kwa tukio. Mmoja atasema alikuwa akichunga mbuzi mto ulipofurika mwaka 1961. Mwingine atasema alikuwa ameolewa wafungwa walipouawa katika kambi ya Hola mwaka 1959. Jibu la aina hiyo hutosha barazani. Halitoshi katika afisi ya serikali, ambako mwaka uliochapishwa kwenye kitambulisho ndio uamuao iwapo mzee atapokea Sh2,000 kwa mwezi au ataambiwa angoje.

Hali ya mwili nayo ina utata kama huo. Mtu aliyepoteza nuru ya macho au asiyeweza kutembea bila mkongojo huonekana na jirani zake kuwa amezeeka tu, basi. Machoni pa sheria huyo ni mtu mwenye ulemavu, na ana haki zake. Katika pengo lililopo baina ya mitazamo hiyo miwili hupotea wakongwe wengi: hawahesabiwi, hawasajiliwi, wala hawatibiwi maradhi ambayo pengine yangeponyeka.

Makala haya yanaeleza jinsi umri mrefu na ulemavu unavyopimwa, ni kwa nini jamii mbalimbali za Tana River huzeeka kwa njia zisizofanana, na sheria na mipango ya serikali inawafaa nani.

Eneo na wakazi wake

Kaunti ya Tana River ina maeneobunge matatu: Garsen, Galole na Bura. Makao yake makuu yako Hola. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 240,075. Ile ya 2019 ikahesabu 315,943. Garsen iko upande wa kusini, pale ambapo Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanza kutawanyika katika delta kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Kipini. Delta hiyo iliorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar unaohifadhi ardhi oevu.

Wapokomo ni wakulima wa kingo za mto: hupanda mpunga, ndizi, mahindi na miembe, na wengi husafiri kwa mitumbwi. Waorma na Wardei ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na ngamia. Wailwana, ambao pia huitwa Wamalakote, pamoja na Wamunyoyaya huishi upande wa juu wa mto. Wawata walikuwa wawindaji hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo wameishi pembezoni mwa jamii nyingine. Huko Kipini kuna Wabajuni na wavuvi wengine wa bahari.

Jamii hizi zote zina mabaraza ya wazee. Gasa ni baraza la Wapokomo, na Matadeda ni baraza la Waorma. Mabaraza hayo ndiyo yamekuwa yakitafutwa kila amani inapovurugika. Hata hivyo, heshima ya barazani si kinga ya umaskini. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya familia wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 62.2 ya wakazi wa Tana River walikuwa maskini, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 36.1. Kaunti hiyo ilikuwa pia miongoni mwa 14 za kwanza kutajwa kuwa zilizotengwa, na hivyo kustahili Hazina ya Usawazishaji iliyoanzishwa na Katiba ya 2010.

Umri usio na cheti

Katiba inamtambua kama mzee mtu aliyetimiza miaka 60. Kwa hesabu hiyo, sensa ya 2019 ilipata wazee wapatao milioni 2.7 kote nchini, karibu asilimia sita ya Wakenya wote.

Hesabu hii ina mashaka yake kwa walio wakongwe zaidi. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo ulienea nchi nzima mwaka 1971. Maana yake ni kwamba mtu aliyezaliwa katika kijiji cha delta kabla ya mwaka huo kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa. Vitambulisho vya wakoloni vilitolewa kwa wanaume, kwa ajili ya kodi na kazi. Wanawake walianza kusajiliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo wanawake wengi walikadiriwa umri wakiwa tayari watu wazima, wengine wakiwa na watoto, na makadirio ya karani ndiyo yaliyogeuka kuwa tarehe rasmi.

Makarani wa sensa wanaifahamu shida hii, ndiyo maana hubeba kalenda ya matukio ya kihistoria ili kumsaidia mhojiwa kukumbuka. Licha ya hayo, umri hurundikana kwenye miaka inayoishia kwa sifuri au tano, kwa kuwa mtu asiyejua miaka yake husema 60, 65 au 70.

Makosa haya yana athari katika pande zote mbili. Anayepunguziwa miaka hukosa haki ya uzeeni. Anayeongezewa huifanya jamii yake ionekane ya watu wa umri mrefu kupindukia. Mfano mashuhuri ni ule wa bonde la Vilcabamba nchini Ecuador, lililosifiwa katika miaka ya 1970 kuwa makao ya watu wa zaidi ya miaka 100. Watafiti walipolinganisha kumbukumbu za kanisa walibaini kuwa wakongwe wale walikuwa wamejiongezea miaka mingi, kwa kuwa umri mkubwa ulileta heshima.

Vifo navyo vina upungufu wake wa kumbukumbu. Mzee anapofia nyumbani na kuzikwa siku hiyohiyo, mara nyingi familia haina haja ya cheti, isipokuwa kuna mali ya kurithi au pesa za kudai. Kifo kisichoandikwa hakiingii katika hesabu ya taifa.

Kwa nini kufika 60 ni hatua kubwa

Kwa mujibu wa uchambuzi wa sensa ya 2019, mwanamume aliyezaliwa Kenya alitarajiwa kuishi miaka 60.6, na mwanamke miaka 66.5. Takwimu hizi mara nyingi hufahamika vibaya. Hazisemi kwamba mtu wa miaka 60 amebakisha miezi michache. Wastani huo hushushwa na vifo vya watoto wachanga na vya vijana. Aliyekwisha kuvuka hatari hizo na kufika 60 anaweza kutarajia zaidi ya miaka 15 mbele yake.

Miaka hiyo 15 ndiyo kiini cha suala hili. Huishiwaje? Ni kwa kutembea shambani, au ni kwa kulala jamvini ukingoja kuletewa maji?

Ukimwi nao uliacha alama ya pekee katika kizazi cha sasa cha wazee. Matarajio ya kuishi nchini yalishuka katika miaka ya 1990 na kuanza kupanda tena katika muongo uliofuata, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kupatikana kwa wingi. Nyanya na babu walioachiwa wajukuu walilazimika kurejea kwenye kazi ngumu katika umri ambao wenzao wa zamani walikuwa wakipumzika.

Sensa na maswali sita

Ulemavu hutegemea unavyoulizwa. Sensa ya 2009 ilipata Wakenya 1,330,312 wenye ulemavu, yaani asilimia 3.5. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 ilipata watu wapatao 917,000 wa miaka mitano na zaidi, sawa na asilimia 2.2. Mtu angedhani kwamba ulemavu umepungua. Kilichobadilika zaidi ni swali.

Mwaka 2019 Kenya ilitumia maswali mafupi ya Kundi la Washington, jopo la wanatakwimu lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Mhojiwa haulizwi kama ni mlemavu. Huulizwa kama ana ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Na kama ugumu huo ni mdogo, mkubwa, au hawezi kabisa. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu ni wale waliotaja ugumu mkubwa au kutoweza kabisa. Mzee aliyesema anaona "kwa shida kidogo" hakuingia katika idadi hiyo.

Matokeo yalidhihirisha tofauti kadhaa. Wanawake walikuwa asilimia 2.5 na wanaume 1.9. Mashambani kiwango kilikuwa asilimia 2.6, mijini 1.4. Ugumu wa kutembea ndio ulioongoza.

Baina ya kaunti tofauti zilikuwa kubwa zaidi. Embu ilikuwa na kiwango cha juu kabisa, asilimia 4.4, na Wajir kilikuwa cha chini kabisa, asilimia 0.6. Ni vigumu kuamini kwamba wakazi wa Wajir, wenye hospitali chache na safari ndefu, wana viungo imara mara saba kuliko wa Embu. Maelezo ni matatu. Kwanza, kaunti za wafugaji zina vijana wengi na wazee wachache, na ulemavu huongezeka kwa umri. Pili, yapo mazingira ambamo familia haitaji ulemavu mbele ya mgeni, ama kwa aibu ama kwa kuuona kuwa kudra ya Mungu. Tatu, na hili ndilo zito, penye huduma duni mtu aliyelemaa hafiki uzeeni. Kiwango cha chini cha ulemavu huenda kikawa ni ushahidi wa vifo, wala si wa afya.

Tana River inachanganya wakulima na wafugaji, kwa hiyo onyo hilo linaihusu moja kwa moja. Wastani wa kaunti nzima hauwezi kumweleza mkulima wa Ngao na mfugaji wa nyika za Bura kwa pamoja.

Maradhi yanayoacha alama

Baadhi ya ulemavu wa uzeeni katika delta ulianza utotoni. Matende huenezwa na mbu, na Tana River ni miongoni mwa kaunti za Pwani zenye ugonjwa huo. Minyoo yake huishi katika mishipa ya maji ya mwili kwa miaka, na uvimbe wa mguu au busha hujitokeza baadaye, mtu akiwa na familia. Kenya ilianza kampeni ya kugawa dawa kwa umma mwaka 2002. Dawa hizo huzuia maambukizi mapya, lakini haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mwenye busha hupona kwa upasuaji. Mwenye mguu wa matende huhitaji kuosha na kutunza ngozi kila siku ili vidonda visizidi. Hivyo kizazi kinachozeeka sasa kinabeba deni la miaka ambayo kampeni haikuwapo.

Kichocho ni deni jingine. Huambukizwa katika maji yaliyotuama na mifereji, na mradi wa kilimo cha unyunyizaji wa Hola ni mojawapo ya sehemu ambazo watafiti wameuchunguza ugonjwa huo kwa muda mrefu. Usipotibiwa huharibu kibofu na figo polepole.

Mtoto wa jicho ndiye mwizi wa kimya. Kote duniani ndiye chanzo kikuu cha upofu wa uzeeni, na upasuaji mfupi humwondoa. Anayekaa gizani kwa miaka kumi kwa sababu ya mtoto wa jicho amenyimwa safari ya hospitali tu.

Kuna pia maradhi ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ya matajiri wa mijini. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa. Asiyepimwa hugundua siku anapopatwa na kiharusi. Kisukari nacho hupofusha, na kidonda chake cha mguu huweza kuishia kwa kukatwa.

Majeraha hayakosi. Mamba na viboko wa Mto Tana wameua na kujeruhi wachota maji, wavuvi na wakulima. Mathenge, mti ulioletwa katika mradi wa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kutoa kuni na kuzuia jangwa, umesambaa kandokando ya mto. Miiba yake huchoma miguu ya watu na mifugo, na kidonda kisichotibiwa huoza.

Kazi huamua namna ya kuzeeka

Mkulima wa kando ya mto huinama maisha yake yote: kupalilia, kupandikiza mpunga, kubeba mavuno kichwani na kupiga kasia. Mgongo na magoti ndivyo vinavyotangulia kuchoka. Lakini kijiji chake hakihami. Akishindwa na shamba, hubaki karibu na watoto, kanisa au msikiti, na mara nyingine karibu na zahanati. Ngao, kwa mfano, ina hospitali ya serikali, na wakazi wa vijiji vya karibu huifikia kwa bodaboda barabara ikiwa kavu.

Mfugaji yuko katika hali nyingine. Uhai wa kundi la ng'ombe hutegemea kuhama. Asiyeweza kutembea hawezi kwenda na kundi, na maziwa huondoka pamoja na kundi hilo. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger wa Marekani, aliyewachunguza Waorma wa Galole tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake cha 1992 jinsi wengi wao walivyoacha kuhamahama na kutulia vijijini, huku vijana wakipeleka mifugo mbali. Kutulia huko kuliwasogeza wakongwe karibu na shule, duka na zahanati. Kwa upande mwingine, kuliwaweka mbali na maziwa katika miezi ya kiangazi, na kuwafanya wategemee unga, sukari na pesa.

Wawata hawakubakiwa na shamba kubwa wala kundi. Mzee wao hana mali ya kuuza anapougua, na watu wa jamii yake ni wachache katika afisi zinazogawa misaada. Wavuvi wa Kipini na Ozi wana bahari na mto, lakini maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni na kuua mipunga na miembe ya Ozi. Mwembe ni pensheni ya mkulima: huupanda ujanani, na uzeeni huchuma bila kulima. Unapokauka, hupotea akiba iliyowekwa kwa miaka 30.

Wanawake: miaka mingi, maumivu mengi

Kote duniani wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume, lakini sehemu kubwa zaidi ya uzee wao huwa ya maradhi. Takwimu za Kenya zinafuata mkondo huohuo.

Katika Tana River sababu zake zinaeleweka. Mwanamke ndiye mchota maji, mbeba kuni na, katika delta, mpanda mpunga. Uzazi mwingi bila mkunga hodari huacha majeraha ya kudumu, ikiwemo nasuri. Katika baadhi ya jamii ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya 2011, umeacha madhara yasiyofutwa na sheria yoyote. Kwa kuwa wengi huolewa na wanaume waliowazidi umri, wanawake huwatunza waume zao katika ugonjwa wa mwisho, kisha huzeeka wakiwa wajane. Ardhi na mifugo kwa kawaida huwa chini ya jina la ukoo au la wana wa kiume. Mjane asiye na kitambulisho sahihi wala mali kwa jina lake ndiye aliye chini kabisa katika ngazi ya uzee.

Katika kaunti jirani ya Kilifi kuna hatari nyingine. Wazee wenye mvi na macho mekundu wameshutumiwa kuwa wachawi na kuuawa, mara nyingi pakiwa na ugomvi wa shamba nyuma ya shutuma. Huko Ganze kuna makao ya Kaya Godoma yanayowahifadhi waliotoroka vitisho. Jambo hili linakumbusha kuwa umri mrefu wenyewe huweza kugeuzwa kuwa kosa.

Mafuriko, ukame na mapigano

Maafa hayachagui, lakini kukimbia kunachagua. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, yale ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 hadi Mei 2024 yalizamisha vijiji na kukata barabara. Mwezi Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha abiria kati ya Madogo na Garissa ilipinduka na watu wakafa maji. Kwa mtu asiyeweza kupanda boti pasipo kubebwa, kuhamia nyanda za juu ni uamuzi wa wengine. Dawa za shinikizo la damu zikikatika kwa wiki mbili, madhara huonekana baada ya maji kupungua, na hayaingizwi katika orodha ya waathiriwa wa mafuriko.

Ukame wa 2020 hadi 2023, uliofuatana kwa misimu mitano ya mvua haba, uliua mifugo kwa maelfu katika kaunti kame, Tana River ikiwemo. Penye chakula kidogo, mkongwe mara nyingi hujinyima ili wajukuu wale.

Mapigano ya wakulima na wafugaji kuhusu maji, mashamba na malka, yaani njia za mifugo kufika mtoni, yalizuka vibaya mwaka 2001 na tena kati ya Agosti 2012 na Januari 2013. Shambulio la kijiji cha Riketa mnamo Agosti 22, 2012 liliua zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Mapigano ya namna hiyo huwakuta kwanza wasioweza kukimbia. Walionusurika na majeraha ya panga na risasi ni sehemu ya watu wenye ulemavu wa leo.

Wataalamu wanabishana nini

Mwaka 1980 daktari wa Marekani James Fries alitabiri kwamba kadiri maisha yanavyorefuka, maradhi yatasukumwa hadi miaka ya mwisho kabisa, hivyo kipindi cha ulemavu kifupike. Miaka mitatu kabla yake, Ernest Gruenberg alikuwa ameonya kinyume chake: kwamba tiba huokoa uhai bila kuponya, na kwa hiyo huongeza miaka ya kuishi na maradhi. Kenneth Manton, mwaka 1982, alisimama katikati: watu wataishi zaidi na maradhi, lakini maradhi hayo yatakuwa mepesi.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani haziwapi wote haki sawa. Kati ya 2000 na 2019 wastani wa maisha duniani ulipanda kutoka takriban miaka 67 hadi 73. Miaka ya kuishi kwa afya ilipanda pia, lakini kutoka takriban 58 hadi 63 na kitu. Miaka ya maradhi haikupungua.

Somo kubwa zaidi linahusu tabaka. Ripoti ya Sir Michael Marmot ya 2010 kuhusu Uingereza ilionyesha kuwa wakazi wa mitaa maskini kabisa walikufa miaka saba kabla ya wale wa mitaa tajiri. Katika miaka ya kuishi bila ulemavu pengo lilikuwa miaka 17. Yaani umaskini humlemaza mtu mapema zaidi kuliko unavyomuua. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye hospitali za bure, kaunti ambayo zaidi ya nusu ya wakazi ni maskini ina sababu ya kupima yote mawili, wala si umri pekee.

Pesa, kadi na sheria

Katiba ya 2010 ina vifungu viwili vinavyohusika: cha 54 kuhusu watu wenye ulemavu na cha 57 kuhusu wazee. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2025.

Msaada wa fedha kwa wazee ulianza kwa majaribio katikati ya muongo wa 2000, na ule wa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ukaanza 2011. Mwaka 2018 serikali, kupitia mpango wa Inua Jamii, ilianza kuwalipa wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni Sh2,000 kwa mwezi. Ulikuwa uamuzi wa maana, kwa kuwa uliondoa haja ya kuthibitisha umaskini. Hata hivyo, waliotimiza 70 baada ya usajili wa awali walingoja miaka kadhaa, na kiwango cha Sh2,000 hakijapandishwa licha ya bei za unga na mafuta kupanda. Awamu ya tatu ya mpango wa kukabili njaa katika kaunti kame, iliyoanza na Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, iliongeza Tana River pia.

Vikwazo ni vya utaratibu. Mlango wa kwanza ni kitambulisho. Wa pili ni alama za vidole, ambazo kwa mkulima wa miaka mingi huwa zimechakaa kiasi cha mashine kushindwa kuzisoma. Wa tatu ni safari.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu huhitaji mtu akaguliwe na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Asiyeweza kutembea hutakiwa kusafiri ili athibitishe kwamba hawezi kutembea. Na manufaa yanayotajwa sana, kama vile msamaha wa kodi ya mapato na ushuru wa gari, humfaa mwajiriwa. Mpanda mpunga wa Garsen hana mshahara wa kusamehewa kodi.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mgonjwa wa Garsen anayehitaji mtaalamu hupelekwa Hola, au husafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi, na hata Mombasa. Huko Mombasa ndiko kuliko na karakana za Bombolulu za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoasisiwa mwaka 1958. Bima ya afya ya NHIF iliondolewa Oktoba 2024, nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo mchango wake wa chini kabisa kwa asiyeajiriwa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa anayetegemea Sh2,000, hiyo ni sehemu moja kati ya saba hivi ya pato lake.

Majirani wamefanyaje

Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, kwa Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi, na baadaye ikaongeza kiwango hicho.

Uganda ina fundisho mahsusi kwa Tana River. Ilipoanza mpango wake wa ruzuku kwa wazee katika muongo wa 2010, umri uliwekwa 65 katika wilaya za kwanza, lakini katika eneo la wafugaji la Karamoja ukashushwa hadi 60, kwa hoja kwamba watu wa huko hufa mapema. Baadaye, mpango ulipoenezwa nchi nzima, wapya walitakiwa wawe na miaka 80. Hatua hizo mbili zinaonyesha uzito wa tarakimu moja. Umri ukiwekwa sawa kwa wote, kundi linaloishi muda mfupi huwachangia wanaoishi muda mrefu.

Yaliyo ndani ya uwezo

Mengi yanayohitajika hayangoji uvumbuzi. Kambi za upasuaji wa macho na busha zikifika Garsen, Tarasaa na Kipini, huwaondoa watu katika ulemavu kwa siku moja. Madaktari wa ukaguzi wakitembea lokesheni kwa lokesheni pamoja na machifu, kadi humfuata mwenye haki. Wazee wa Gasa na Matadeda, wanaojua nani alizaliwa kabla ya nani, wanaweza kutoa ushahidi wa umri mbele ya msajili pale ambapo cheti hakipo. Kupima shinikizo la damu siku za malipo kunahitaji kifaa kimoja na muuguzi mmoja. Na takwimu za sensa zikichapishwa kwa umri, jinsia na kata, badala ya wastani wa kaunti, zitaonyesha waliko wahitaji.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Kwa mkongwe wa delta aliyefungwa na mtoto wa jicho, msemo huo utakuwa na maana siku atakapofikiwa na daktari, na jina lake likiwa limeandikwa kitabuni kwa umri wake halisi.